Gari la Kliniki na Stima: Jinsi ya Kuliunganisha Bila Kumdhuru Mtu

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, lakini ni la afya na ni la uhai. Tunazungumza juu ya kuliunganisha gari na stima.

Huenda ukauliza, gari linahitaji stima ya nini? Fikiria kliniki tamba. Tangu mwaka wa 2014, kampeni ya Beyond Zero ilipoanza kupeleka magari ya kliniki katika kaunti zetu 47, wananchi wengi wamezoea kuliona gari jeupe likisimama kwenye uwanja wa shule, kanisani au karibu na ofisi ya chifu. Ndani yake mna taa, friji ya chanjo, mashine ya kuchemshia vyombo na pengine kompyuta. Likifika, dereva huomba stima kutoka jengo la karibu, kebo huvutwa kupitia dirishani, na kazi huanza.

Kama wewe ni dereva, muuguzi, mwalimu mkuu au mzee wa kanisa anayeombwa stima hiyo, mazungumzo haya ni yako. Vilevile ni yako wewe mwenye gari la kulala la watalii, wewe unayevuta karavani, na wewe uliyefungua duka au kinyozi ndani ya kontena la chuma. Hatari ni ile ile, na kinga ni ile ile.

Kwa nini gari si kama nyumba

Msikilizaji, bodi ya gari ni chuma, nayo imekalia magurudumu ya mpira. Mpira haupitishi stima. Watu wengi hufikiri kwamba hilo ni jambo jema, kwamba mpira unawalinda. Ukweli ni kwamba mpira unaweza kuwa ndiyo mtego wenyewe.

Tuseme ndani ya gari kuna waya uliochubuka kwa sababu ya kutikiswa na barabara mbovu, na shaba yake imegusa bodi. Stima inaingia kwenye bodi nzima: mlango, ngazi, vioo vya pembeni, kila chuma. Kwa kuwa gari liko juu ya mpira, stima hiyo haina njia ya kushuka ardhini. Inakaa pale inangoja. Muuguzi aliye ndani hasikii kitu, kwa sababu yeye pia hajagusa ardhi. Taa zinawaka, friji inaguruma, kila kitu kinaonekana sawa.

Kisha anakuja mama na mtoto mgongoni. Mvua imenyesha asubuhi, ardhi ni matope, na viatu vyake vimelowa. Anashika chuma cha mlango ili apande. Mkono uko kwenye bodi, mguu uko ardhini. Sasa stima imepata njia, na njia hiyo ni mwili wa mama.

Basi lishike neno hili: anayeumia mara nyingi si yule aliye ndani ya gari, bali ni yule anayepanda au kushuka. Ndiyo maana hatuwezi kusema, “Sisi tumekaa humu tangu asubuhi na hatujaumwa, kwa hivyo pako salama.”

Stima kiasi gani huua?

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Lakini kinachoudhuru mwili ni kiasi cha mkondo unaopita ndani yake, nao hupimwa kwa ampea. Ampea moja ni miliampea 1,000.

Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia takriban miliampea 250. Sasa linganisha. Miliampea 1 tu mtu huisikia kama mwasho. Miliampea 10 hadi 20 zinaweza kuikaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachilia alichokishika. Zikifika kama 30, misuli ya kupumulia inaweza kukazwa, na kuanzia 50 hivi moyo unaweza kuacha mapigo yake ya kawaida na kutetemeka ovyo, damu isisukumwe tena. Kwa hivyo mkondo unaoweza kumuua mtu ni mdogo kuliko ule unaowasha balbu moja.

Ngozi kavu huzuia mkondo kwa kiasi fulani. Ngozi iliyolowa maji au jasho huzuia kidogo sana. Hii ndiyo sababu msimu wa mvua una hatari zaidi.

Walinzi wawili

Kuna walinzi wawili wa kumkinga yule mama mlangoni. Wote wawili wanatakiwa wawepo, kwa maana mmoja hatoshi.

Mlinzi wa kwanza ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita eathi. Ndani ya kebo iliyo kamili mna nyaya tatu. Wa kahawia huleta stima, wa buluu huirudisha, na ule wa kijani na manjano ndio wa ardhini. Huu wa tatu hufungwa kwenye bodi ya gari upande mmoja, na upande wa pili hufika kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini kando ya jengo. Stima ikivuja kwenye bodi, hupata njia rahisi ya kuondoka bila kumpitia mtu.

Mlinzi wa pili ni swichi ya kukata stima inayovuja. Mafundi huiita RCD. Hii hupima stima inayokwenda na stima inayorudi. Mambo yakiwa sawa, viwango hivi viwili hulingana. Iwapo kiasi kimepotea njiani, maana yake kinapita mahali pasipostahili, labda katika mwili wa mtu. Ile inayofaa kwa kumlinda binadamu huandikwa 30 mA, yaani hukata upungufu ukifikia miliampea 30, nayo hukata kabla hata ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Fyuzi na breka za kawaida haziwezi kazi hii. Fyuzi ya ampea 13 iko pale kuizuia kebo isiungue. Haijui kama mtu anakufa.

Kwa nini wawe wawili? Kama kuna RCD lakini hakuna waya wa ardhini, bodi ya gari itakaa na stima mpaka mtu aiguse. Ndipo swichi itakapokata, na mtu huyo atakuwa amekwisha kupigwa, ingawa kwa muda mfupi. Lakini waya wa ardhini ukiwepo, stima huanza kuvuja kupitia waya huo mara tu inapogusa bodi, na swichi hukata kabla ya mtu yeyote kuweka mkono.

Na kama kuna fimbo ya ardhini lakini hakuna RCD? Wapo wanaopiga chuma ardhini kando ya gari, wakakifunga kwa waya, wakaona wamemaliza. Tufanye hesabu. Udongo mkavu huzuia stima. Ikiwa kizuizi cha fimbo hiyo ni omu 50, ambalo ni jambo la kawaida, gawanya volti 240 kwa 50. Utapata ampea 4.8. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika kwa ampea 4.8, hata ingoje kutwa nzima. Bodi itaendelea kuwa na stima, na mama ataikuta pale mlangoni. Kwa hivyo fimbo bila RCD ni usalama wa macho tu.

Angalia jengo kabla ya kuvuta kebo

Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba waya wa ardhini upo. Katika majengo mengine ya zamani, na katika majengo yaliyofungwa stima kwa haraka, tundu la juu halijaunganishwa na chochote. Taa zitawaka na simu zitachajiwa, kwa hivyo hakuna anayejua.

Mwombe fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi nchini, aipime soketi mtakayoitumia. Kipo kifaa kidogo chenye taa tatu ambacho huchomekwa na kuonyesha kama waya wa ardhini upo na kama nyaya mbili nyingine hazikubadilishana nafasi. Zikibadilishana, unaweza kuzima swichi ukadhani umekata stima, kumbe bado imo ndani ya chombo. Kifaa hicho hakionyeshi ubora wa fimbo ya ardhini. Kwa hilo fundi ana mita yake. Kama gari huja mahali hapo kila mwezi, kazi hii ifanywe mara moja vizuri, na soketi iliyopimwa iwekwe alama.

Kuna desturi moja ambayo lazima tuiseme. Mtu ana plagi ya pini mbili, naye huchokoa lile tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili ile ya pini mbili iingie. Kwa kufanya hivyo amemfukuza mlinzi wa kwanza. Usikubali jambo hilo kwenye gari la kliniki, na wala si nyumbani kwako.

Pia, stima ya sambaza, ile inayovutwa kwa njia ya wizi kutoka nguzo au kwa jirani, haina mlinzi hata mmoja. Kama ni hiyo tu iliyopo, gari litumie betri zake au jenereta.

Kebo ya namna gani?

Kebo iwe ya nyaya tatu, iwe na mpira mzito wa kufaa nje, na iwe nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kebo za karavani kwa kawaida huwa na nyaya za unene wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 25, na plagi za buluu za ampea 16 zenye mfuniko. Usitumie waya mwembamba wa taa. Usiunge kebo mbili kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu, na mahali palipounganishwa pasilale chini kwenye nyasi au maji.

Ikiwa kebo ni ya kuzungushwa kwenye gurudumu lake, ikunjue yote, hata kama gari liko mita tano tu kutoka jengoni. Kebo inayobeba mzigo mkubwa ikiwa imekunjwa hujipasha moto yenyewe, kwa kuwa joto halina pa kutokea, na inaweza kuyeyuka na kushika moto.

Ipitishe mahali ambapo watoto hawatajikwaa na magari hayatapita juu yake. Isibanwe na mlango wala dirisha.

Na tafadhali, kamwe usitengeneze kebo yenye plagi za pini pande zote mbili. Upande mmoja ukichomekwa, pini za upande wa pili huwa wazi zikiwa na stima. Mtoto akiziokota amekwisha.

Utaratibu wa kuunganisha

Fuateni hatua hizi kwa mpangilio, bila kuruka hata moja.

Kwanza, zima vyombo vyote ndani ya gari, pamoja na swichi kuu. Zima pia soketi ya jengo.

Pili, chomeka RCD ya kubebeka kwenye soketi ya jengo. Iwe mwanzo kabisa wa safari ya stima ili iilinde kebo pia. Washa soketi, kisha bonyeza kitufe chake chenye herufi T. Ni lazima ikate papo hapo. Isipokata, ni mbovu, usiitumie. Ikikata, zima soketi tena.

Tatu, kunjua kebo, na uiunganishe na gari kwanza. Nne, ndipo uchomeke upande wa pili kwenye RCD. Mpangilio huu una maana yake: hutembei uwanjani ukiwa umeshika kebo yenye stima.

Tano, waambie watu wote wasogee mbali na gari. Washa soketi na uiweke RCD tayari. Ukiwa umevaa viatu vikavu, gusa chuma cha mlango kwa tasta, ile bisibisi ya kupimia stima. Usijaribu kwa mkono. Tasta ikiwaka, zima mara moja na umwite fundi. Isipowaka ni dalili njema, lakini tasta peke yake si kinga, kwa maana nayo inaweza kuwa mbovu.

Sita, panda, washa swichi kuu, kisha washa chombo kimoja baada ya kingine. RCD ikikata ulipowasha chombo fulani, chombo hicho ndicho cha kushukiwa. Kichomoe.

Jioni mnapoondoka, geuzeni utaratibu. Zima vyombo, zima soketi, chomoa kebo upande wa jengo kwanza, kisha upande wa gari.

Mzigo usizidi uwezo

Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 inaweza kubeba wati 3,120, wala si zaidi. Friji ndogo na taa hazina shida. Lakini mashine ya kuchemshia vyombo ikiwa ya wati 2,000, na mtu akaongeza birika la chai la wati 2,000, tayari ni wati 4,000, na mkondo unakaribia ampea 17. Chai ingoje vyombo vimalize.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kile kile. Usiweke msumari, wala waya, wala ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Hapa ndipo wahudumu wema hujaribiwa. Foleni ni ndefu, chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na RCD inakata kila baada ya dakika chache. Mtu anasema, “Tuiondoe tu, leo tumalize.” Ndugu yangu, usiiondoe. Inapokata inakuambia kwamba stima inavuja mahali. Hamishia chanjo kwenye kisanduku cha baridi kwa utaratibu mliofundishwa, na muendelee na kazi kwa mwanga wa jua. Chanjo zikiharibika, nyingine zitaletwa. Mtu hana wa akiba.

Ikiwa mnatumia jenereta

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwa gari, na moshi wake uelekezwe mbali na milango na madirisha. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu akiwa ndani ya gari, mtoeni nje kwenye hewa safi, mzime jenereta na mumpeleke hospitali. Msilale ndani ya gari jenereta ikinguruma mlangoni. Na kamwe msichomeke jenereta kwenye soketi ya jengo, kwa sababu stima inaweza kurudi kwenye nyaya za nje na kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Mtu akipigwa na stima

Mtu akisema amesikia mwasho alipogusa gari, hata kama ni kidogo, usicheke. Zima stima kwenye jengo wakati huo huo, na gari lisiguswe hadi fundi afike.

Mtu akinaswa, usimshike. Ukimshika, mtakuwa wawili. Kimbia uzime soketi au swichi kuu ya jengo. Ikishindikana kabisa, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mti mkavu hadi aachane na chuma. Hilo ni kwa stima ya nyumbani tu. Kama ni waya wa nguzoni ulioanguka, kaa mbali na uwazuie wengine hadi stima ikatwe.

Stima ikishakatwa, mwite kwa sauti na utazame kama anapumua. Piga simu 999 au 112. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20.

Wapo wanaosema afukiwe mchangani au anyweshwe maziwa. Hayo hayamsaidii, na yanapoteza dakika ambazo moyo unazihitaji. Tena, hata aliyeinuka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali, kwa kuwa stima inaweza kuacha madhara ya moyo na majeraha ya ndani yasiyoonekana kwa macho.

Kwa ufupi

Msikilizaji, ukisahau mengine yote, kumbuka haya matatu. Waya wa ardhini uwepo, na upimwe. RCD ya miliampea 30 iwepo, na ibonyezwe kila siku kabla ya kazi. Na mtu wa kwanza kuufikiria usalama wake ni yule anayepanda ngazi kutoka kwenye ardhi yenye maji.

Kesho gari la kliniki likija kwenu, waulize wanaoliunganisha, “Je, soketi hii imepimwa?” Swali hilo halimkosei mtu heshima, na anayeijua kazi yake atalijibu kwa furaha. Kinga ni bora kuliko tiba.